UZI: Korona haikubagua kitandani, ila mfukoni ilibagua. Ya Kigoma niliyoyaona mwaloni

#1 Mwisho wa Reli

Wakuu, salaam kwenu.

Kila korona ikitajwa lazima atokee mtu wa kusema ule ugonjwa haukubagua, tajiri aliugua na maskini aliugua. Kitandani, sawa. Mfukoni ulibagua, tena vibaya, na mimi nataka leo tuongelee mfuko.

Naandika mizigo mwalo wa Kibirizi, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kwa hiyo mengi nayasema kwa kuona. Sisi Tanzania hatukufungiwa ndani. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16, 2020 kule Arusha, shule zikafungwa, ila masoko na minada viliendelea. Ndiyo maana watu wa Dar hudhani biashara ndogo zilisalimika. Kwa wa Kariakoo labda. Sisi huku soko letu liko pia ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Congo na Burundi. Machi 24 mwaka ule Rais Tshisekedi alitangaza hali ya dharura, mipaka ya Congo ikafungwa kwa wasafiri mpaka Agosti. Tukaanza kupumua, Januari 2021 Burundi nayo ikafunga mipaka yake ya nchi kavu na ya majini.

Sasa sikilizeni. Amri za namna hii, kwetu na karibu kila mahali Afrika, zilizuia watu. Mizigo iliruhusiwa. Kwenye karatasi ni busara tupu, chakula kipite, virusi vibaki. Lakini mwenye shehena ya meli hana haja ya kusafiri nayo. Ana wakala Kalemie, upande wa Congo, ana karatasi za forodha, anapiga simu mzigo unashuka. Mama mwenye magunia matatu ya dagaa ndiye wakala, ndiye mpakizi, ndiye anayebishana bei sokoni Uvira. Ukimzuia yeye umeuzuia mzigo wake. Hakuna aliyekaa akapanga kumwonea. Amri ni moja, ikamruka mmoja ikamwangukia mwingine.

Na dagaa hawasubiri. Mvua ikinyesha vichanjani siku mbili wananuka. Akauza palepale mwaloni kwa bei ya kutupa, akamuuzia nani? Mwenye ghala na gari la kupeleka Kahama na Dar. Giza lililofuata (siku zisizo na mbalamwezi, ndipo dagaa huvuliwa) hakuwa na mtaji wa kununua mzigo, akachukua kausha damu, ile mikopo ya riba kali. Kausha damu ikamshinda, akauza kiwanja. Nani kanunua kiwanja? Mara nyingi ni mtu wa kundi lilelile la wenye maghala.

Hoja yangu ni hiyo tu. Hasara ya mwaka mmoja kila mtu anaipata, hata matajiri walipata. Tofauti inakuja pale mmoja anapouza kitu kinachomlisha ili ale leo, na mwingine anakinunua kwa sababu yeye leo ameshakula. Mipaka ilifunguliwa, biashara ikarudi, mama naye akarudi mwaloni. Sema amerudi hana mtumbwi, hana kiwanja, na daftari la madeni analo.

Karibuni, mwenye kupinga apinge.

#2 Karabai

Nimetandika mkeka hapa. Endeleeni.

#3 Hesabu za Kichwa

Mkuu unaandika vizuri ila unaibebesha korona mizigo ya wengine. Miaka hiyohiyo ziwa lilikuwa linapanda. Maji yaliingia kwenye vibanda Kibirizi, Katonga hali ileile, watu walihama nyumba. Mama yako wa magunia matatu unajuaje alimalizwa na mpaka na siyo maji?

Pili, historia inakukatalia. Tauni kubwa ya Ulaya, 1347 mpaka 1351, iliua kama theluthi ya watu kule, wengine wanasema zaidi. Matokeo yake vibarua wakawa adimu na ujira ukapanda, mpaka Uingereza mwaka 1351 ikatungwa sheria ya kuwakataza vibarua kudai zaidi ya ujira wa kabla ya tauni. Yaani wakubwa walilia, wadogo wakapata nafasi ya kupumua. Kwa hiyo kusema janga linapanua tofauti kana kwamba ni kanuni ya maumbile, hapana. Leta ushahidi.

#4 Mwisho wa Reli

Hesabu, nimefurahi umeleta tauni, maana inanisaidia mimi.

Tauni iliua wafanyakazi ikaacha mashamba. Mwenye shamba akabaki nalo halina wa kulilima, akalazimika kubembeleza. Korona ilifanya kinyume: wafanyakazi walibaki tele, kazi ndizo zilizoondoka. Kijana wa kubeba mizigo mwaloni alikuwepo mzima wa afya, mzigo haukuwepo. Hapo nani atambembeleza nani?

Ushahidi unautaka? Wachumi wa IMF mwaka 2020 waliyaangalia magonjwa matano ya karibuni: SARS 2003, homa ya mafua ya nguruwe 2009, MERS 2012, Ebola 2014 na Zika 2016. Wakafuatilia nchi zilizoguswa kwa miaka mitano baada ya kila ugonjwa. Pengo la kipato lilipanuka. Waliosoma sana ajira zao hazikutikisika sana, wenye elimu ya msingi tu ndio walioumia zaidi kwa kupoteza kazi. Na magonjwa hayo yote yalikuwa madogo ukilinganisha na korona. Kwa korona yenyewe Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2020 peke yake watu kama milioni 70 walisukumwa kwenye umaskini uliokithiri. Huku Oxfam wakahesabu kwamba wanaume kumi matajiri kuliko wote duniani, utajiri wao uliongezeka zaidi ya mara mbili ndani ya miaka miwili, kutoka dola bilioni 700 kwenda trilioni 1.5. Hao hawakuvua hata dagaa mmoja. Walikuwa na hisa, hisa zikapanda.

Kuhusu ziwa nakubali kabisa lilipanda. Wala sihitaji kuyatenganisha. Maji yakija, mwenye akiba anahamisha banda juu kidogo. Aliyekwisha kausha akiba kwa ajili ya mpaka anahamisha nini?

#5 Bint Ujiji

Mwakeye ndugu zangu. Mimi ni katika hao mnaowaita mama wa magunia matatu, na nilikuwa nasoma kimya kimya ila nimeona bora niseme, maana mnatuongelea kama hatumo humu.

Mnaanzia katikati. Kabla ya kausha damu kilikufa kikoba. Sisi kikundi chetu tulikuwa tunakaa kila Jumapili, hisa, jamii, mikopo, kila kitu mezani. Ugonjwa ulipotangazwa watu wakaogopa kukaa pamoja. Serikali haikutukataza, tuliogopa wenyewe, na waliokuwa na wazee nyumbani waliogopa zaidi. Tukasema tusimame kidogo. Kusimama kidogo ndiyo kufa kwa kikoba, yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikundi anajua. Mwenye mkopo hana wa kumdai usoni, mwenye hisa anataka zake, mweka hazina anazima simu. Tulikivunja katikati ya mwaka, kila mtu akaondoka na kidogo chake, na kikaliwa.

Kwa hiyo mpaka ukiwa bado umefungwa hatukuwa tena na pa kukopa kwa riba ya kibinadamu. Ndipo wanapoingia wa kausha damu. Laki moja unapewa leo, kesho asubuhi marejesho yanaanza, kila siku, uwe umeuza hujauza. Mbalamwezi imewaka, hakuna uvuvi wa dagaa, unalipa. Mwanangu mgonjwa, unalipa. Wanachukua kadi ya benki, wanachukua friji, kuna waliochukuliwa mpaka godoro.

Halafu Julai 2021 tukaletewa tozo ya miamala. Mtu ana bidhaa kidogo, faida kidogo, anatumiwa hela na mteja wa Kasulu, inakatwa njiani. Waliipunguza baadaye kwa asilimia 30, kelele zilikuwa nyingi, lakini mwenye kutuma mamilioni kupitia benki na mwenye kutuma elfu ishirini ishirini kwa simu hawakuumia sawa. Huyo wa elfu ishirini anatuma mara nyingi.

Na jambo jingine hamjaligusa. Shule zilipofungwa watoto walirudi kwa nani? Kwa mama. Mume anaendelea kwenda kijiweni. Mimi niliacha kwenda Kagunga kununua mzigo kwa sababu nilikuwa na watoto wanne nyumbani na hakuna wa kumwachia. Biashara ya Kagunga ikachukuliwa na wenye vijana wa kutuma.

#6 Karabai

Dada umemaliza. Hiyo ya kikoba sijawahi kuisikia kwenye semina yoyote.

#7 Ticha Kasulu

Nianzie hapo kwa Bint Ujiji kwenye shule, ni eneo langu.

Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020, kidato cha sita na vyuo wakarudi Juni 1, wengine wote Juni 29. Ukilinganisha na Uganda, ambako wengine hawakurudi darasani mpaka Januari 2022, sisi tulipata nafuu kubwa. Hilo lisemwe. Lakini hata ile miezi mitatu na nusu iligawana watoto. Kulikuwa na vipindi vya redio na televisheni. Pale Kasulu mjini mtoto wa mfanyabiashara alikuwa na televisheni, ana simu ya mzazi, na kuna mwalimu (ndiyo, wengine ni wenzangu) aliyekuwa anapita nyumbani kufundisha tuisheni kwa malipo. Kijijini Makere, mtoto alikuwa anachunga mbuzi na kulima maharage. Juni wakarudi wote, mtaala ukasonga mbele na muhula ukabanwa kana kwamba wote walikuwa wanasoma.

Kwenye darasa la mtihani pengo lile lilionekana waziwazi. Mwenye tuisheni alikuwa amemaliza mada, sisi tunarudia, yeye amechoka kusubiri. Mwingine amesahau hata kugawanya kwa njia ndefu.

Na wapo ambao hawakurudi. Wavulana walikwenda ziwani na migodini, wasichana baadhi waliolewa au walipata mimba, na wakati ule ukipata mimba shule ndiyo basi. Mlango wa kurudi ulifunguliwa Novemba 2021, alipotangaza Waziri wa Elimu wa wakati ule, Ndalichako, aliyekuwa mbunge wetu wa hapahapa Kasulu Mjini. Kwa msichana aliyeacha Aprili 2020 tangazo lile lilimkuta ana mtoto anayetembea. Wachache walirudi. Nawapa heshima zangu zote.

Ule mkopo wa IMF wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabili athari za korona ulijenga madarasa 15,000 nchi nzima, na nimefundisha ndani ya mojawapo, zuri, lina madirisha ya vioo. Silalamikii jengo. Nasema jengo litamsaidia mtoto wa kesho, na yule wa 2020 hakuna aliyekaa naye hata wiki mbili za kufidia.

#8 Mnyamwezi wa Isevya

Tabora tunawasalimu. Huku hatuna ziwa wala mpaka, ila tuna kitu mmekisahau: hela iliyokuwa inatoka mjini kurudi kijijini.

Urambo na Kaliua nyumba nyingi zina kijana aliyeko Arusha au Zanzibar, hotelini, jikoni, udereva wa watalii. Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii milioni 1.5, mwaka 2020 wakashuka mpaka 620,867. Vijana wakarudi nyumbani na begi. Kijana aliyekuwa anamtumia mzee elfu hamsini ya mbolea sasa anakula ugali wa mzee. Mzee naye ni mkulima wa tumbaku, pembejeo kakopa kupitia chama cha msingi, bei hapangi yeye. Hakuna aliyeugua pale nyumbani. Hela iligeuza njia, basi.

Wenye ng'ombe walimaliza ng'ombe. Nani aliwanunua, mnajua wenyewe.

#9 Mzee wa Fursa

Nimesoma uzi wote na naona mnanizunguka bila kunitaja. Mimi ni mmoja wa walionunua. Viwanja Gungu, mashine moja ya boti, na nyavu. Sifichi na sioni aibu.

Sikumfuata mtu. Watu walinifuata nyumbani wenyewe, wengine usiku. Wanasema mzee nisaidie, nina deni, chukua kiwanja. Sasa niambieni, ningesema sichukui, angekwenda wapi? Si kwa hao wa kausha damu wanaobeba magodoro? Mimi nilitoa hela taslimu na tuliandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa.

Na wakati ule hakuna aliyejua mwisho wake. Mnasema leo bei ya kutupa kwa sababu mnajua mipaka ilifunguliwa. Mwezi wa tano 2020 nani alijua? Kama Congo ingefunga miaka mitano, mimi ningebaki na viwanja visivyouzika na mashine ya boti inayoota kutu, nanyi mngenicheka. Nilibeba hatari. Hela nilikuwa nayo kwa sababu miaka kumi na tano nilikuwa nala ugali na mgebuka mmoja wakati wenzangu wanafanya sherehe za kipaimara kwa kukodi muziki.

Maskini wa Kigoma hakufanywa maskini na mimi.

#10 Bint Ujiji

Shikamoo mzee. Sikutukani, una umri wa baba yangu. Ila hiyo ya muziki wa kipaimara ungeiacha. Mimi sijawahi kukodi muziki na bado niliuza.

Na kuhusu hatari: wewe ulihatarisha ziada. Sisi tulihatarisha chakula. Hatari hizo mbili tunaziita kwa jina moja kwa sababu ya uchache wa maneno tu.

#11 Karabai

Mzee wa Fursa, cha Gungu bado unacho? Bei? (Naulizia rafiki.)

#12 Mzee wa Fursa

Kipo kimoja. Mara tatu ya nilivyonunua, na hapo nimekupunguzia.

#13 Mwisho wa Reli

Karabai umenisaidia kazi, jibu la #12 lina hesabu yote niliyokuwa natafuta.

Mzee wa Fursa, mimi sikulaumu, nasema kwa dhati. Ningekuwa na hela wakati ule pengine ningenunua pia. Swali langu ni kwa nini usiku ule mwenye shida alikuwa na milango miwili tu ya kugonga, wako na wa kausha damu.

TASAF ipo, na kipindi cha pili cha awamu yake ya tatu kilizinduliwa Februari 2020, mwezi mmoja tu kabla ya mgonjwa wa kwanza. Lakini TASAF ni ya kaya maskini zilizokwisha kuandikishwa. Mama wa magunia matatu siyo maskini wa kutosha kwa TASAF, maana ana kiwanja na mtaji. Benki nayo inamwona siyo tajiri wa kutosha. Huyu wa katikati ndiye aliyeporomoka, na hayumo kwenye daftari la mtu yeyote mpaka atakapokuwa ameshauza kila kitu. Hapo ndipo anastahili msaada. Yaani lazima kwanza aanguke.

#14 Hesabu za Kichwa

Hapo kwa wa katikati umenigusa, nakubali. Lakini serikali ingetoa wapi? Marekani walituma hundi za hadi dola 1,200 kwa watu wazima wengi kwa sababu dola wanachapa wenyewe. Hata umaskini wa watoto kule ulishuka mpaka asilimia 5.2 mwaka 2021, halafu walipositisha misaada ukaruka mpaka 12.4 mwaka uliofuata. Hiyo inaonyesha inawezekana ukiwa na hela. Sisi?

#15 Mwisho wa Reli

Togo wana hela gani? Aprili 2020 walianzisha mpango wanaouita Novissi. Mtu anajisajili kwa simu hata ya kitochi, kwa kadi yake ya mpiga kura, kama kazi yake ni ya mtaani na anaishi eneo lililowekewa vizuizi. Hela inaingia kwenye simu. Pale Lomé wanawake walipewa faranga 12,250 kwa mwezi na wanaume 10,500, wanawake zaidi kwa makusudi. Siyo hela ya kujenga, ni hela ya kula ili usiuze nyavu. Sisi kwa pesa za simu tumewatangulia Togo mbali sana, na kadi za mpiga kura tunazo.

Ilikuwa na kasoro zake, asiye na simu aliachwa nje. Lakini ilifika kabla ya mtu kuuza.

#16 Ticha Kasulu

Na ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu? Ingeweza kuwa ndiyo Novissi yetu ya wafanyabiashara. Ila ni mkopo wa kikundi, na kama alivyosema dada hapo juu, vikundi vyenyewe vilikuwa vimekufa. Halafu Aprili 2023 ikasimamishwa, ikarudi baadaye. Mtu mwenye shida ya wiki hii huwezi kumwambia asubiri utaratibu mpya.

#17 Bint Ujiji

Ticha, hatukusubiri. Kikundi tumekianzisha upya na tumebadilisha katiba. Zamani Desemba tunavunja, tunagawana mpaka senti ya mwisho, tunanunua vitenge. Sasa sehemu ya jamii haigawanywi, inalala benki jina la kikundi, watia saini watatu. Na kuna kifungu: siku mpaka au ziwa likifungwa, marejesho ya mikopo yote yanasimama bila riba mpaka pafunguliwe. Tuliandika mpaka tukifikiria ugonjwa. Tumekitumia serikali ilipofunga uvuvi ziwa zima, Mei 15 mpaka Agosti 15, 2024. Miezi mitatu hakuna dagaa. Katika kikundi chetu hakuna aliyeuza kiwanja.

#18 Mnyamwezi wa Isevya

Na mlikula nini miezi mitatu?

#19 Bint Ujiji

Mawese. Tuliuza mawese mpaka Tabora kwenu, hamkuona? Kwenye sehemu ya jamii kila mwanachama alichukua mtaji wa madumu mawili. Tatizo lilikuja kwa wasiokuwa na kikundi, wale vijana wa kubeba na kuanika dagaa kwa kutwa. Hao hawana hisa popote, na bado hatujapata namna ya kuwaingiza, kwa sababu leo wapo Kibirizi kesho Muyobozi. Mwenye wazo alete.

#20 Mzee wa Fursa

Hao vijana nina wazo nao. Mwaloni kila gunia linalipiwa ushuru. Wenye maghala tukubaliane tutoe kidogo juu ya kila gunia, kiwekwe pembeni kwa jina lao, karani akiandike. Mimi nitatoa. Mwisho wa Reli, wewe ndiye unaandika mizigo, waite wenzangu Jumamosi tuone nani atakataa mbele ya watu.